Somo: Kutembea Shambani kwa Kuangalia Ndege. Nani Mwizi, Nani Mulinzi?



Kila musimu, wakati mupunga unaanza kutoa masuke, kazi moja inaingia mu kila nyumba: kufukuza ndege. Watoto wanaamka mbele ya jua, wanaenda shambani na makopo na mawe, na kiti chao mu klase kinabaki wazi. Wakulima wengine wanachoka, wanachanganya dawa ya wadudu na mbegu, wanaitupa shambani ili ndege wote wafe. Somo hili linaomba kitu kimoja mbele ya jiwe na mbele ya dawa: tuangalie kwanza. Mu inchi zingine watu wanalipa makuta mingi kwa safari ya kuangalia ndege. Sisi tutafanya safari hiyo bure, mu shamba letu, kwa faida ya gunia letu.

Kusudi la somo

Kisha somo hili, kila kikundi kitaweza kutofautisha ndege anayekula mupunga na ndege anayeulinda, kujua ni siku gani na saa gani ulinzi unahitajika, na kupanga ulinzi huo bila kutoa watoto mu masomo.

Vitu vya kuleta

Kaye, biki, na simu ao saa ya mukono. Darubini haiko ya lazima. Macho na masikio yanatosha. Musivae nguo nyeupe ao nyekundu, na mbwa abaki nyumbani.

Namna ya kufanya

1. Chagueni watu watano, wanawake na wanaume. Kama munataka watoto wawafuate, fanyeni siku ya posho. Mara nyingi ni wao wanaojua viota vyote.

2. Ingieni shambani wakati jua linatoka, mubaki saa mbili. Rudini tena mbele ya jua kuzama. Saa sita ya mchana ndege wengi wanapumzika kwenye kivuli; hamutaona kitu.

3. Simameni fasi tatu: kando ya pori, katikati ya shamba, na karibu na ngazi ao muto. Kila fasi dakika 15, bila kusema.

4. Andikeni mistari mitano: saa, ndege gani, wangapi, anakula nini, mupunga umefika wapi (mbegu, majani, maua, maziwa, ao kukauka). Kama hamujui jina la ndege, andikeni jina la kwenu, ao rangi na sauti yake.

Mudomo unasema kazi

Angalieni mudomo mbele ya rangi. Mudomo mufupi na munene ni wa kuvunja mbegu. Mudomo mwembamba ni wa kukamata wadudu. Mudomo uliopinda kama ndoana, pamoja na kucha kali, ni wa kula nyama.

Wezi. Mnana, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi, anafuma viota vingi vya kuning'inia. Anakula mupunga, na anachana majani ya ngazi kwa kujengea. Lakini hata yeye analisha watoto wake wadudu. Kuna pia vindege vidogo vya rangi ya udongo na tumbo nyeupe, vinavyokuja kwa makundi, na vile ambavyo dume lake lina kichwa chekundu. Wakati wa kupanda, kwale na njiwa wanafukua mbegu ambazo hazikufunikwa vizuri.

Walinzi. Yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe ao mukulima mwenye jembe, anatafuta panzi na wadudu wengine. Mbayuwayu anayepita juu ya mupunga hagusi hata punje moja. Anakamata wadudu mu hewa. Wengine kati yao wanatoka Ulaya wakati wa baridi ya kule na kurudi kisha miezi kazaa.

Bundi. Huyu ndiye tunayemukosea zaidi. Akilia juu ya nyumba, tunasema ni mulozi, tunamuua. Kuna namna ya kujua kazi yake bila kubishana. Bundi anameza panya muzima, kisha anatapika kidonge cha manyoya na mifupa. Tafuteni vidonge hivyo chini ya muti ao chini ya dari ambamo analala, muvipasue na kijiti, muhesabu vichwa vya panya. Panya ile ingekula mupunga mu gala yenu.

Kutumia kaye

Kisha juma mbili, soma kaye pamoja. Mutaona mambo mawili. La kwanza: hasara kubwa inakuja tangu masuke yanapokuwa na maziwa mpaka kukauka, karibu mwezi moja tu, na zaidi asubuhi na jioni. Basi wakubwa wanaweza kugawana zamu za asubuhi na jioni, na mutoto akaenda masomo. La pili: shamba linaloiva la kwanza na lile linaloiva la mwisho ndiyo yanaliwa zaidi, kwa sababu ndege wote wanakusanyika pale. Kama majirani wanapanda mu juma moja, hasara inagawanyika.

Kuhusu dawa: sumu haichagui. Inaua yangeyange pamoja na mnana. Bundi akila panya mwenye sumu anakufa naye. Na mutoto anayeokota ndege aliyekufa kwa kuchoma anaweza kufa pia.

Ndege wa pori

Kasuku mwenye mukia mwekundu anakamatwa sana mu Maniema. Mu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana, na tangu mwezi wa kwanza 2017 biashara ya kasuku wa pori kati ya inchi na inchi imekatazwa. Musionyeshe viota kwa wanunuzi.

Mujue pia tausi wa Kongo. James Chapin aliona unyoya wake mu Ituri mu 1913, lakini wataalamu walimutambua tu mu 1936, kisha Chapin kukuta ndege wawili waliokaushwa mu muzeo ya Tervuren, Ubelgiji. Watu wa pori walimujua zamani. Leo anaishi mu Hifadhi ya Lomami, iliyoanzishwa 2016 kati ya Maniema na Tshopo.

Mu Uganda, kwenye bwawa la Mabamba, wavuvi walisema korongo mwenye mudomo kama kiatu analeta mukosi, wakamuua. Leo wanapeleka wageni kwa mutumbwi kumuona, na wanalipwa. Hapa kwetu wageni hawatakuja kesho. Barabara na usalama tunavijua. Lakini kutoka mukosi mpaka faida, wale wavuvi walianza kwa kumuangalia upya ndege waliyefikiri wanamujua.

Maswali ya kuzungumza mu kikundi

1. Mu kaye yenu, ndege wangapi wanakula mupunga, na wangapi wanakula wadudu ao panya?
2. Ni watoto wangapi wa wanamemba walikosa masomo musimu uliopita kwa sababu ya ndege? Nani atachukua zamu yao?
3. Ni majirani gani wanaweza kukubali kupanda pamoja nanyi mu juma moja?
4. Mukisikia bundi usiku huu, mutafanya nini?