Fasili ya Kuomba Mvua na Theluji

Jua, ewe mwenye kusoma, ya kwamba Wakurdi, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Imamu Shafii, mvua yao huja wakati wa baridi, na juu ya milima ya Zagros huanguka theluji. Theluji hiyo ndiyo hazina yao. Hukaa mlimani hata joto liiyeyushe, ikateremka kidogo kidogo katika mito Sirwan na Zab Mdogo, ambayo maji yake huishia Tigris. Basi mwaka ikikosekana, mto hupita bado kama kwamba hapana jambo, na huku shamba la kiangazi limekwisha potea.

Mas-ala: Je, yafaa kusali Sala ya Kuomba Mvua ilhali mto ungali una maji?

Jawabu: Yafaa, kwani sababu ya sunna hii ni haja, hata haja ya kuzidishiwa yaliyo pungufu. Imamu huwaamrisha watu kutubu, kufunga siku tatu, na kurudisha walivyodhulumu. Hili la mwisho ndilo zito. Aliyegeuza mfereji usiku, akanywesha shamba lake katika zamu ya jirani, na amridhishe jirani kwanza. Siku ya nne hutoka, nao wamefunga, kwa nguo za kazi, pamoja na wazee, watoto na wanyama. Husaliwa rakaa mbili mfano wa Idi, kisha khutba mbili za istighfari.

Ikinyesha kabla hawajatoka, hutoka vilevile, wakashukuru na kusali.