Lagos ya Ureno: historia kwanza, bahari baadaye

Kusini-magharibi mwa Ureno, katika mkoa wa Algarve, uko mji mdogo wa Lagos. Wageni wengi huufuata kwa ajili ya fukwe zake na magenge ya rangi ya dhahabu, na kweli ni mahali pazuri mno. Ila msafiri anayetoka Afrika ana sababu nzito zaidi ya kufika hapa. Safari za Wareno za kushuka pwani ya Afrika zilipata nguvu katika bandari hii, na miongo kadhaa baadaye zikamfikisha Vasco da Gama Mombasa na Malindi, mwaka 1498. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: asubuhi yako ya kwanza ipe historia. Bahari utaikuta palepale.

Kufika

Unapotafuta tiketi ya ndege, angalia usiikatie Lagos ya Nigeria. Uwanja wa ndege ulio karibu na mji huu ni wa Faro, na kutoka stesheni ya Faro treni hufika Lagos, mwisho wa reli, kwa muda usiofika saa mbili. Anayetoka Lisbon kwa treni kwa kawaida hubadilisha treni katika kituo cha Tunes. Mabasi nayo huchukua takriban saa nne.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Omba viza mapema, hasa ukilenga miezi ya joto.

Uwanja wa Henrique

Anzia Praça Infante Dom Henrique. Tarehe 8 Agosti 1444, mateka 235 waliokamatwa pwani ya Afrika Magharibi waliteremshwa Lagos na kugawanywa mafungu nje ya lango la mji. Watoto walitenganishwa na wazazi, wake na waume zao. Mwanamfalme Henrique, mfadhili wa safari zile za Wareno, alikuwepo, juu ya farasi, akapokea fungu lake, moja ya tano. Haya yaliandikwa na Gomes Eanes de Zurara, mwandishi wa tarehe za ufalme, ambaye mwenyewe alimsifu sana Henrique.

Pembeni mwa uwanja pana jengo dogo lenye matao linaloitwa Mercado de Escravos, yaani Soko la Watumwa. Jengo lenyewe ni la karne ya 17, na leo ni makumbusho. Ingia, usome taratibu. Uliza hasa habari za mwaka 2009, mafundi walipokuwa wakichimba maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji. Walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 katika jalala la zamani. Watu hao walitupwa pamoja na taka. Ukitoka hapo, itazame sanamu ya Henrique iliyopo katikati ya uwanja, kisha upime mwenyewe nani amekumbukwa kwa shaba na nani hakuachiwa hata jina.

Ndani ya kuta

Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa la Santo António. Kwa nje halina makuu, lakini ndani kuta zimejaa nakshi za mbao zilizopakwa dhahabu. Huingiwa kupitia makumbusho ya mji, na makumbusho mengi ya Ureno hufungwa Jumatatu, basi panga siku zako vizuri. Sehemu kubwa ya mji ilijengwa upya baada ya tetemeko na mawimbi ya tarehe 1 Novemba 1755. Vaa viatu visivyoteleza: njia zimetandazwa vijiwe vyeupe vilivyolainishwa na nyayo, na mvua ikinyesha huwa hatari.

Baharini

Meia Praia ni ufukwe mrefu wa mchanga, unaofaa familia. Upande wa kusini zipo Dona Ana na Camilo, fukwe ndogo zilizofichwa chini ya magenge. Kufika Camilo utashuka ngazi ndefu ya mbao. Mbele zaidi ni Ponta da Piedade, ambako bahari imechonga matao na mapango. Panda mashua ndogo au kayaki, hasa asubuhi kabla ya upepo kuzidi.

Mambo mawili uyashike. Maji ya Atlantiki ni baridi hata Agosti. Mtu wa Pwani atashtuka. Na usiketi chini ya genge, kwani mawe huanguka. Fuata mabango ya onyo. Uliza pia saa za maji kujaa, maana baadhi ya vijia vya mchanga hufunikwa. Namba ya dharura ni 112.

Chakula

Tafuta sadini za kuchoma, au cataplana, samaki na kombe waliopikwa katika chungu cha shaba kinachofungwa kabisa. Wengine huongeza nyama ya nguruwe au mvinyo. Asiyetumia vitu hivyo aulize kabla ya kuagiza. Mkate na zeituni vinavyoletwa mezani bila kuombwa hulipiwa ukivila. Usipovitaka, virudishe kwa adabu. Kwa kitamutamu, jaribu Dom Rodrigo, cha mayai, lozi na sukari. Soko la samaki, mbele ya mto, linapendeza zaidi asubuhi.

Wakati gani

Julai na Agosti watu hujaa na bei hupanda. Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba ni nafuu, na jua lingalipo. Tenga angalau siku mbili: ya kwanza kwa uwanja, makumbusho na kuta, ya pili kwa Ponta da Piedade. Ukipata ya tatu, panda basi hadi Sagres, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Ulaya. Ukiwa na watoto, usiwaache nje ya Mercado de Escravos. Wasimulie kwa kadiri ya umri wao, kwa sababu habari ile inawahusu.