Avumaye Baharini Papa: Somo Kuhusu Mitandao Huria

Wahenga walinena kuwa avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Hebu mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili akutajie mitandao ya kijamii. Atakuhesabia Facebook, TikTok, Instagram, WhatsApp na X, kisha atanyamaza. Hao ndio papa. Katika somo hili twataka kuwatazama samaki wengine waliomo katika bahari iyo hiyo, namna wanavyoishi, na iwapo yafaa sisi wana-Kiswahili kuogelea nao. (Najua simu haziruhusiwi bwenini. Likizo huja.)

Kwanza tuelewe shida yenyewe. Mtandao mkubwa wa kijamii ni nyumba ya mwenyewe, nawe ni mpangaji. Kodi ya shilingi hulipi, lakini walipa kwa njia nyingine: mwenye nyumba huchungulia unachosoma na unachopenda, kisha huwauzia wafanyabiashara nafasi ya kukutangazia bidhaa zao. Kanuni huziweka yeye na kuzibadili yeye. Chukua mfano wa Twitter. Mnamo Oktoba 2022 tajiri Elon Musk aliinunua kwa dola bilioni 44. Januari 2023, programu ambazo watu wengine walikuwa wamezitunga za kusomea Twitter zilifungiwa mlango ghafla bila ilani. Ilipofika Julai 2023 hata jina likabadilika, ikawa X. Waliokuwa wamejenga kazi zao humo waliamka tu wakakuta kufuli mpya.

Nasi yametufika. Ukurasa tuliokuwa tukiweka mashairi ya wanachama katika mtandao mmoja mkubwa ulifungwa siku moja, ati umevunja kanuni. Kanuni gani? Hatukuambiwa. Tukakata rufani, jibu likatoka kwa mashine. Mashairi ya miaka minne sasa yamebaki kwa wale tu waliotunza madaftari yao.

Je, lazima iwe hivyo? La. Fikiria barua pepe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, akatumia ile alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Leo mwenye Gmail humwandikia mwenye Yahoo, na barua hufika. Sababu ni kwamba wote hufuata itifaki moja, yaani mapatano ya jinsi kompyuta zitakavyosalimiana na kupokezana habari. Basi jiulize, mbona mwenye TikTok hawezi kumfuata rafiki yake aliye X mpaka afungue akaunti huko? Si kwamba haiwezekani, bwana. Wenye nyumba hawataki.

Mwaka 2016 Eugen Rochko, mtunzi wa programu aliyekuwa akiishi Ujerumani, alitoa programu aliyoiita Mastodon. (Mastodon ni mnyama wa kale mfano wa ndovu, aliyekwisha kutoweka duniani. Jina la ajabu kukipa kitu unachotaka kiishi!) Ni programu huria: yeyote anaweza kuichukua bure, kuisoma ilivyotungwa, na kuiweka katika seva yake. Kwa hiyo hakuna Mastodon moja. Zipo seva maelfu, nyingine za watu binafsi, nyingine za vyuo, nyingine za serikali. Uholanzi ilifungua yake mwaka 2023. Seva hizi huzungumza kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa Januari 2018 na W3C, shirika linalotunga viwango vya wavuti. Wala si Mastodon pekee inayoitumia. Pixelfed ni ya picha, PeerTube ya video, Lemmy ya mijadala, na mtu wa huku anaweza kumfuata wa kule.

Muungano huo tuuiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaopendelea "mtandao gatuzi", kwa kuwa Katiba ya 2010 imetuzoesha ugatuzi. Mimi sikubaliani nao. Gatuzi hungojea fedha kutoka Nairobi, hali seva hizi hazina Nairobi yao. Kila moja inajilipia na kujitungia sheria, kisha inakubali kushirikiana na wenzake. "Mtandao wa shirikisho" ndilo jina linalosema kweli.

Anwani ya mtu katika shirikisho ina sehemu mbili kama anwani ya posta: kwanza jina lako, kisha jina la seva yako, kila moja ikitanguliwa na @. Kwa kawaida chapisho la Mastodon ni herufi 500, zinatosha beti kadhaa za tarbia. Machapisho ya unaowafuata hujipanga kwa wakati, la sasa juu, la jana chini. Hakuna mashine inayokuchagulia cha kukukasirisha ili usiondoke.

Sasa kuhama. Kabla ya lolote, pakua nakala ya machapisho yako yote kutoka mtandao wa zamani. Hilo fanya hata kama huhami. Halafu tafuta seva, usome kanuni zake na sharti la umri, utazame nani anaisimamia na nani anailipia umeme. Wafuasi wako wa X au Facebook huwezi kuwabeba. Utaanza na sifuri, na inauma. Lakini ukiisha kuingia katika shirikisho, kuhama kutoka seva ya Mastodon hadi nyingine ni rahisi. Wafungua akaunti mpya, watangaza humo kuwa ile ya zamani ni yako, kisha warudi kwenye ile ya zamani na kuamuru uhamisho. Wafuasi wako huhamishwa. Machapisho hubaki nyuma. Linganisha na mpango ulioanza Kenya mwaka 2011 wa kuhama kampuni ya simu na kubaki na nambari yako ile ile. Hapa anwani yabadilika, lakini watu wako hawakupotei.

Nisiwadanganye kuwa huko ni peponi. Kati ya Oktoba na Novemba 2022 watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka kama laki tatu hadi milioni 2.5, kisha wengi wakarudi walikotoka. Walifika wakakuta ukumbi mzuri, rafiki zao hawamo. Seva nayo yaweza kufa. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake, kwa kuwa herufi za .af ni za Afghanistan, na serikali ya Taliban iliisimamisha. Tena, ujumbe wa faragha katika Mastodon haufungwi kwa msimbo wa siri kama ule wa WhatsApp. Msimamizi wa seva akitaka anaweza kuusoma. Usiandike humo jambo ambalo hutaki yeye alijue.

Halafu kuna swali la nani afagie uchafu, na hili latuhusu sana Wakenya. Picha za mauaji na matusi katika Facebook zilikuwa zikichujwa na vijana hapa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mwenye Facebook, kwa madhara ya kazi hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta yaweza kushtakiwa nchini Kenya. Katika shirikisho kazi hiyo hufanywa na wasimamizi wa kila seva, wengi wao wa kujitolea. Silaha yao kubwa ni kukata uhusiano. Mtandao wa Gab, uliosifika kwa chuki, ulipohamia programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi zilikataa kabisa kuunganishwa nao. Gab haikuzimwa, iliachwa izungumze peke yake. Lakini mtu wa kujitolea huchoka, na pengine ana mtihani kesho.

Rai yangu ni hii: chama kifungue akaunti moja katika seva ndogo yenye msimamizi anayejulikana, kisifunge kurasa zilizobaki kwingineko, na kila shairi liandikwe kwanza katika daftari la chama. Mweka hazina anapinga. Asema wazazi na wanachama wa zamani hawatatufuata huko. Tutapiga kura muhula ujao.

Zoezi. (a) Eleza tofauti ya itifaki na programu, ukitumia mfano wa posta. (b) "Gatuzi" au "shirikisho"? Tetea neno lako kwa aya moja. (c) Seva ya chama ikikosa pesa, wanachama wafanye nini kwanza, na ni kitu gani hawataweza kukihamisha?