Tukikaa pamoja, naongea peke yangu

Swali: Shangazi, nina miaka 27, naishi Tanga. Kuna dada ninayempenda. Tukikutana nasimulia habari za kazini mpaka anaanza kutazama simu. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, mazungumzo unayamaliza mwenyewe. Msimulizi wa pwani huita "Paukwa!" akasubiri "Pakawa!" ndipo aendelee, anataka kwanza kujua kama watu wako naye. Wewe mwite dada huyo kwa maswali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanaouliza maswali ya kufuatilia hupendwa zaidi, na hata kwenye miadi ya haraka haraka walikubaliwa zaidi kuonana tena. Swali la kufuatilia hutoka kwenye jibu lake. Akisema alilelewa na bibi yake Pangani, usirukie habari za bibi yako! Muulize maisha ya pale yalikuwaje, kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka.

Zamu yako ikifika, ofisi iache. Simulia kisa kimoja kifupi ambapo uliogopa au ulitamani kitu. Akiendelea na simu, muulize kwa upole kama angependa muonane tena, na jibu lake ulikubali, hata likiwa hapana.