Haki za Mgeni Aliye Kizuizini

Ndugu zetu wasomaji, katika somo hili twapenda kueleza kadhia ambayo watu wengi wa pwani huidhani kuwa ni ya mbali, nayo i karibu nasi: kadhia ya mgeni akamatwaye kwa kuwa hana karatasi za kukaa nchini.

Tutazame miji miwili ya bara. Bungoma imo katika barabara na reli ziendazo Malaba, na kaunti yake yapakana na Uganda penye kituo cha Lwakhakha. Kitale nayo imo katika njia itokayo Lodwar na kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan. Kwa hiyo hupita huko watu wa kila namna: mchuuzi, mtafuta kazi, na aliyekimbia vita. Mkimbizi atokaye kambini hutakiwa kuwa na kibali cha safari. Asipokuwa nacho, huweza kukamatwa njiani.

Sharia ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 imefanya kuwa ni kosa kukaa nchini bila ya ruhusa, na adhabu yake huweza kufika faini ya shilingi 500,000, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Hatusemi kwamba sharia hiyo isifuatwe, kwani kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Walakini ni kosa kubwa kudhani kuwa asiye raia hana haki yoyote. Katiba ya mwaka 2010, ilipotaja haki za aliyekamatwa, haikuuliza ametoka wapi.

Haki hizo ni hizi. Kwanza, aambiwe upesi, kwa lugha aifahamuyo, sababu ya kukamatwa kwake. Pili, afikishwe kortini kabla ya kupita saa 24. Na zikimalizikia wakati korti imefungwa, basi siku ya korti ifuatayo. Tatu, aweze kuwasiliana na wakili, na mtu mwingine ambaye msaada wake wahitajika. Nne, akishitakiwa, apewe mkalimani bila ya malipo ikiwa haifahamu lugha ya korti. Tano, asiteswe wala asidhalilishwe.

Ama aliyekuja kuomba hifadhi, huyo ana haki zaidi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya iliingia mwaka 1966, wakataza kumwadhibu kwa kuingia bila ya ruhusa mtu aliyetoka moja kwa moja penye hatari, akajitokeza upesi mbele ya wakuu na kueleza udhuru wake. Wakataza pia kumrudisha mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini.

Basi kwa nini haki hizi hupotea? Hupotea kwa kuwa mwenyewe hazijui, na hapana wa kumsemea. Mwenyeji akikamatwa, nduguye hufika kituoni asubuhi na chakula, na mdhamini nyuma yake. Mgeni hana wa kumfikia. Huweza hata kukiri shitaka asilolifahamu, kwa kutaraji kwamba akiitikia ataachiliwa.

Asiseme mtu wa pwani kuwa Kitale na Bungoma si kwetu. Misafara ya pwani ilifika Mumias katika karne ya 19, ikapokewa katika nchi ya Nabongo. Tena, Aprili 2014, serikali ilipokamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwazuilia wengi katika uwanja wa Kasarani mjini Nairobi, raia nao walichukuliwa katika mkumbo huo. Na wangapi katika sisi wameulizwa vyeti vya babu zao walipotaka kitambulisho! Haki ya mgeni ikivunjwa leo, ya mwenyeji haina ukuta kesho.

Dini yetu imemhesabu msafiri aliyekatikiwa njiani kuwa miongoni mwa wastahiki wa zaka. Yatupasa basi, popote alipo mgeni kizuizini, ajuaye lugha yake ajitolee kumfasiria. Mwenye uwezo ampelekee chakula. Na asiyeweza hayo apeleke habari kwa wakili, au kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Hayo si kupinga sharia, bali ndiyo kuitimiza.

Wabillahi taufiki.