SOMO LETU: KASORO YA CHUNGU

Jumamosi ukifika soko la Lyulilo, Matema, utakuta vyungu vya akina mama wa Kikisi. Vingi huletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Hufinyangwa kwa mikono, kwa hiyo havifanani. Je, utachaguaje?

Mimi zamani nilichagua kwa macho tu. Nikaacha chungu kilichopinda mdomo, nikachukua kizuri. Kufika nyumbani, maharage yakamwagikia motoni. Kumbe kina ufa mwembamba! Watoto walilala na njaa.

Sasa nafanya hivi:

1. Mdomo umepinda? Si neno. Chungu kitapika tu.

2. Mtungi wa maji unatoa jasho? Usiutupe. Maji hupenya polepole kwenye udongo. Upepo huyakausha kwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa.

3. Gonga chungu kwa kidole. Kikilia wazi, ni kizima. Kikikwaruza, kina ufa. Kiache.

Basi, kasoro si zote sawa. Ipo ya sura tu, ipo yenye faida, ipo ya hasara. Chunguza kwanza, ndipo useme "kibovu".

MASWALI

1. Kwa nini mtungi hupoza maji?

2. Chombo gani nyumbani kwako kina kasoro? Ni kasoro ya aina gani? Andika.