Miti ya Liège haijafa

*Mimi ni mtoto wa Kikula, mjini Likasi, Kongo, nina miaka 22. Tangu Septemba nasoma Liège, Ubelgiji. Nilipofika miti ilikuwa ya kijani. Sasa majani yamekuwa mekundu na manjano, yanaanguka kila siku, na moyo wangu unaanguka nayo. Nalala sana, darasani naenda kwa kujilazimisha. Mwishoni mwa Oktoba nilimpelekea mama mwenye nyumba chungu cha maua ya krisantemu, yale yaliyojaa madukani. Akayapokea bila neno. Nyumbani nawaambia niko salama, maana ndugu walichanga kwa taabu kunileta huku. Je, nirudi?*

Mwanangu, usirudi bado.

Nianze na miti, kwa kuwa ndiyo iliyokutisha. Kumbuka Septemba ya kwetu. Ukitoka Likasi kwenda Kambove, miombo huwa na majani ya rangi ya shaba kabla tone la mvua halijaanguka. Yale ni majani machanga. Macho yako yamelelewa kuuona wekundu huo kama habari ya mvua inayokuja. Huko, karibu miezi ileile, rangi hiyo ni ya mti unaojifungia. Unarudisha chakula kutoka kwenye majani, ukijani unaisha, umanjano uliofichika unatokea, halafu mti unaliachia jani. Lakini haufi. Sogea kwenye tawi lililobaki tupu, utazame kwa makini: vichipukizi vya mwaka ujao viko tayari, vimefungwa, vinangojea Machi na Aprili.

Kinachokulemea zaidi, naona, ni giza. Kikula, hata siku fupi kuliko zote, mwezi wa Juni, ina mwanga wa saa zaidi ya 11. Liège mwezi wa Desemba hubaki na saa 8 hivi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya huzuni inayowapata watu majira ya giza na kuondoka mwanga ukirudi. Kwa hiyo usijiite mvivu, na asije mtu akakuambia umerogwa. Toka nje kila mchana, hata kukiwa na mawingu. Nenda kwa daktari, umweleze usingizi huo, umuulize pia habari ya vitamini D, kwa sababu ngozi nyeusi huitengeneza polepole kwenye jua hafifu. Na likikujia wazo la kutotaka kuishi, usingoje kesho. Nenda siku hiyohiyo.

Yale maua, pole. Ubelgiji krisantemu hupelekwa makaburini tarehe 1 Novemba, kama sisi tunavyokwenda kusafisha makaburi ya wazee wetu tarehe 1 Agosti. Umempa mama wa watu ua la marehemu! Mwendee, umwambie hukujua, umsimulie ya kwetu. Huenda akawa mtu wa kwanza wa kuzungumza naye huko.

Sasa mama yako na ndugu, unaowaambia uko salama. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Waliochanga fedha hawakununua tabasamu lako la kwenye simu. Walitaka usome, na mtu anayeficha ugonjwa hasomi. Tena hadi Oktoba saa yako na ya mama yako ilikuwa moja. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Wabelgiji walirudisha saa zao nyuma, mkaachana kwa saa moja. Nadhani hilo nalo limekuuma bila wewe kujua. Mwanzoni mwa mwaka ukiwa bado hivyo, na daktari ameshakuona, niandikie tena tuzungumze habari ya kurudi.

Jumapili hii mpigie mama mchana, kungali na mwanga. Mwonyeshe mti ulio mbele ya nyumba, kisha umwambie ukweli. Kwake saa iko mbele kwa saa moja.